Bodi ndiyo inayomaliza betri, si chipu

Kaka wa Newala, umeuliza kwa nini LaunchPad yako, yaani bodi ya majaribio yenye chipu ya MSP430G2553, inayopima unyevu kwenye ghala la korosho, inamaliza betri mbili za AA ndani ya siku chache. Chipu haina kosa. Ikilala katika hali ya LPM3 (mojawapo ya hali zake za usingizi), saa ya kristali ikiendelea kuhesabu, inakula takriban mikroampia 0.7 tu; ikiwa macho kwa megahezi 1, kama 230.

Mlaji ni bodi. Upande wa USB ni sehemu ya kupakia programu, na inapata umeme wa betri zako kupitia zile jampa za katikati, yaani vifuniko vidogo vinavyounganisha pini mbili mbili. Ukishapakia, zing'oe zote, pamoja na za taa za LED. Mimi hapa Mtwara mjini nilihangaika wiki nzima kabla ya kuligundua hilo.

Pini usizotumia ziweke kwenye programu ziwe za kutoa (output), usiziache zikielea bila volti maalumu. Sensa nayo, kama inatosheka na miliampia chache, ilishe kutoka kwenye pini ya chipu uizime kila baada ya kipimo. Kisha unganisha mita mfululizo kwenye waya wa chanya, usome mkondo kabla hujairudisha ghalani.