Selimundu: kapsuli ya zamani, mkasi wa jeni na kadi ya damu inayopotosha

Barua za mwezi huu karibu zote ni za selimundu, au siko seli kama wengi wenu mnavyoiita. Nimezifupisha na majina nimeyaacha. Mimi si daktari. Nimekaa maabara miaka mingi, mchana nikisoma slaidi na usiku nikisoma tafiti, kwa hiyo dozi ya mtoto wako mwulize anayemtibu.

Mtoto wetu ana wiki sita. Alipimwa alipozaliwa, majibu yakaja SS. Ananyonya, ananenepa, halii ovyo. Mama mkwe anasema maabara wamechanganya damu. Na kwa nini apewe penisilini mtoto asiyeumwa? (Morogoro)

Kurudia kipimo si kosa, na kliniki nyingi huthibitisha kwa kipimo cha pili. Ila mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba kunenepa kwa mtoto hakupingani na majibu. SS maana yake amerithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ya aina yake, iitwayo F, ambayo haina kasoro ya selimundu, na huzaliwa akiwa nayo tele. Inapungua polepole, na anapokaribia miezi sita nafasi yake inakuwa imeshikwa na himoglobini ya ukubwani, ambayo kwa mwenye SS ndiyo yenye matatizo. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa Brooklyn, Janet Watson, aliona kwamba seli za vichanga hujikunja kwa uchache kuliko za mama zao, akahisi kwamba himoglobini ya tumboni ndiyo inayowakinga. Ishike hiyo F, tutakutana nayo tena.

Penisilini ni kwa ajili ya bandama. Kazi mojawapo ya bandama ni kuchuja bakteria kwenye damu, na kwa watoto wa SS huanza kuzibwa na seli zilizojikunja mapema sana, hata kabla mtoto hajatimiza mwaka. Hapo bakteria wa nimonia wakiingia kwenye damu wanaweza kumwondoa mtoto ndani ya saa chache. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1986 uliwapa watoto wadogo penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku, na maambukizi hayo yakapungua kwa asilimia 84. Ulisimamishwa kabla ya muda, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wale wengine dawa. Kwa hiyo mpe kila siku, hata anapocheka. Mwombe muuguzi akufundishe kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto, ili siku ikivimba ghafla uitambue. Na homa ikipanda usimpe panadol mkalala. Nenda hospitali usiku huohuo.

Binti yangu wa miaka mitatu ameandikiwa haidroksiyurea. Nimetafuta kwenye intaneti nikaona ni dawa ya saratani. Kapsuli ziko kabatini, nimeogopa kumpa. (Tanga)

Ulichosoma ni kweli, na hofu yako waliwahi kuwa nayo hata wataalamu.

Kwanza nikuonyeshe tunachokiona maabara. Unaweka tone la damu kwenye slaidi, unachanganya na tone la sodiamu metabisalfaiti linalofyonza oksijeni, unafunika na kuziba kingo kwa vaselini hewa isipite, kisha unasubiri. Mwanzoni seli ni za duara, laini, zinapitana bila kugombana. Ukirudi kwenye hadubini baada ya muda unakuta moja imevuta ncha, jirani yake imejikunja, na baadaye uwanja mzima umejaa vitu kama mundu wa kukatia majani. Himoglobini S ikikosa oksijeni hushikana na mwenzake, na mwenzake na mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma seli kutoka ndani. Kwenye mshipa mwembamba wa kidole au wa mfupa, seli za namna hiyo hukwama. Maumivu yanayomfanya mtoto apige kelele usiku ndiyo hayo.

F ikiwa katikati ya S, mnyororo unakatika, kwa sababu F haishikiki. Na haidroksiyurea, pamoja na mengine, huuamsha mwili utengeneze F upya. Dawa yenyewe ni kongwe: ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, ikaja kutumika kwa saratani, na mwaka 1998 Marekani ikaikubali kwa watu wazima wenye selimundu.

Hofu ya huku kwetu ilikuwa malaria. Dawa hii hupunguza chembe nyeupe za damu, na watu wakauliza: mtoto wa pembezoni mwa ziwa, anayeumwa na mbu kila usiku, si tutakuwa tunamvua silaha? Swali zuri, na wa kulijibu walikuwa ni sisi wenyewe. Kampala walijaribu kwa watoto 207 wadogo, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kisicho na kitu, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba malaria haikuongezeka. Ukafuata utafiti mkubwa zaidi wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, wenye watoto 606, uliochapishwa mwaka 2019. Hesabu zake kwa kila watoto 100 kwa mwaka ni hizi: vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98 hadi 45, kuongezewa damu kutoka 43 hadi 14, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Malaria yenyewe ikashuka kutoka 47 hadi 23. Niliposoma namba hiyo mara ya kwanza nilirudia jedwali nikidhani nimepishana mstari.

Niseme na upande wa pili. Utafiti huo wa nchi nne haukuwa na kundi la kulinganisha. Walilinganishwa watoto walewale kabla na baada ya kuanza dawa, na mtoto akiingia kwenye utafiti huangaliwa vizuri kuliko kawaida, kwa hiyo sehemu ya nafuu huenda imetokana na matunzo. Lakini sidhani kwamba matunzo peke yake yangepunguza vifo kwa kiasi hicho.

Masharti yapo. Atapimwa damu mara kwa mara, FBP (hesabu ya chembe za damu) ya kawaida tu, chembe zikishuka mno dawa husimamishwa kwa muda. Akikua na kutaka mimba atazungumza na daktari mapema, kwani dawa hii haishauriwi wakati wa ujauzito. Kwa wavulana inaweza kupunguza mbegu ikiwa inatumika, na mara nyingi hurudi ikisimamishwa. Halafu kuna tabu ya kapsuli zenyewe: nyingi ni za miligramu 500, na mtoto wa kilo 12 akianzishwa miligramu 20 kwa kila kilo anahitaji 240. Wazazi wanafungua kapsuli na kugawa unga kwa kijiko mezani. Usifanye hivyo, hasa kama nyumbani kuna mjamzito. Mwulize mfamasia akupe njia ya kuigawa au kuichanganya, na unawe mikono kila ukishazishika.

Nimesikia Marekani wanaikata jeni na mgonjwa anapona kabisa. Kweli au za mitandaoni? Na sisi lini? (Nairobi)

Kweli. Dawa inaitwa Casgevy. Uingereza iliidhinisha Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata, kwa wenye umri kuanzia miaka 12. Mmarekani wa kwanza mwenye selimundu kupewa, mwaka 2019, alikuwa Victoria Gray wa Mississippi, mama wa watoto wanne, ambaye mwenyewe amesimulia hadharani mara nyingi. Kwenye takwimu zilizopelekwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, wagonjwa 31 walikuwa wamefuatiliwa vya kutosha, na 29 kati yao walimaliza angalau mwaka mzima bila kupata maumivu makali.

Wengi wanadhani mkasi huo unaitengeneza jeni mbovu. Hapana, jeni ya selimundu inabaki palepale. Kinachokatwa ni swichi, sehemu ya jeni iitwayo BCL11A inayozima F baada ya mtoto kuzaliwa. Ukiivuruga swichi, F inawaka tena, na inatarajiwa kubaki hivyo maisha yote. Ni F ileile ya Watson, ileile inayoamshwa na kapsuli ya yule mama wa Tanga.

Tofauti ni gharama, na simaanishi pesa tu. Seli mama za damu huvunwa, hupelekwa kiwandani kukatwa, na kabla hazijarudishwa mgonjwa hupewa dawa kali ya kuufagia uloto wote, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Nywele zinapukutika, kinywa kinachubuka, analala hospitalini wiki kadhaa, na uzazi unaweza kuondoka. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5 za Tanzania. Hiyo "lini" yako siwezi kuipa mwaka. Kilichopo karibu ni upandikizaji uloto kutoka kwa ndugu, ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliuanza mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Unahitaji ndugu wa baba na mama mmoja ambaye vinasaba vyake vinaoana na vya mgonjwa, na uwezekano huo kwa kila ndugu ni mmoja kati ya minne.

Shangazi yupo Houston. Alikuwa anatumia Oxbryta, damu ikapanda vizuri, halafu wakamwambia imeondolewa sokoni. Dawa inayopandisha damu inaondolewaje? (Muscat)

Swali lako ndilo funzo lenyewe. Oxbryta iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa sababu moja kubwa: ilipandisha himoglobini. Inafanya himoglobini ing'ang'anie oksijeni, na S yenye oksijeni haijipangi nyuzi. Kwenye karatasi ya majibu namba inapendeza. Lakini oksijeni iliyong'ang'aniwa ni oksijeni isiyoshushwa mzigo kule inakotakiwa, na mgonjwa haishi kwa karatasi ya majibu.

Watoto walio kwenye hatari ya kiharusi waliwekwa kwenye jaribio, wengine wakiwa Kenya, Nigeria, Ghana na hukohuko kwenu Oman. Waliopewa dawa walifariki wanane, waliopewa kidonge kitupu wawili. Septemba 2024 Pfizer, kampuni yenye dawa hiyo, waliiondoa duniani kote. Vifo hivyo havikuthibitika moja kwa moja kuwa vya dawa, na baadhi vilihusiana na malaria. Kwangu mimi hilo haliipunguzii uzito hata kidogo, maana malaria ndiyo hali halisi ya wagonjwa wengi wa selimundu duniani. Shangazi awe karibu na kliniki yake, wamweleze aendelee na nini.

Mimi AS, mchumba AS. Mchungaji anasema tuachane. Wengine wanatuambia mtoto mmoja tu kati ya wanne ndiye ataumwa, kwa hiyo tuzae wawili tuishie hapo. (Mwanza)

Kuachana au kuoana ni kwenu, siingii. Hesabu ya hao wengine ndiyo mbovu. AS ni mwenye jeni moja ya selimundu na moja nzima, na wote wawili mkiwa hivyo, uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto wa SS unaanza upya kila mimba, kama kurusha shilingi ambayo haikumbuki ilivyoanguka jana. Nimesoma majibu ya familia yenye watoto watatu, wote SS, na nyingine yenye sita bila hata mmoja. Mkiamua kuoana, kila mtoto apimwe akiwa mchanga, na mrudi kusoma jibu la Morogoro hapo juu.

Ni kweli mwenye AS hapati malaria? (Kisumu)

Anapata, ila mara chache inamzidi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za makabila mbalimbali mwaka 1949, akaona AS ni nyingi pwani na kandokando ya ziwa lenu, na chache milimani kusiko na malaria nyingi. Mwaka 1954 akachapisha hoja kwamba AS inakinga. Tafiti za Kilifi zimeonyesha kinga hiyo dhidi ya malaria kali inafika karibu asilimia 90. Lakini vimelea nao hawajalala: utafiti wa damu za watoto wa Gambia na Kenya, uliochapishwa kwenye jarida la Nature, umekuta baadhi ya vimelea vyenye mabadiliko ya jeni yanayoikwepa kinga hiyo. Chandarua kibaki kitandani. Na mwenye SS hana kinga ya kutegemea, malaria kwake ni hatari zaidi.

Rozela na vidonge vya madini ya chuma vinasaidia kuongeza damu ya mgonjwa wa SS? (Zanzibar)

Rozela anywe kwa raha zake, maji mengi yanamfaa. Vidonge vya chuma asipewe bila kupimwa. Damu yake inapungua kwa sababu seli zinavunjika upesi, na chuma cha seli zilizovunjika kinabaki mwilini. Akiwa ameongezewa damu mara nyingi huenda tayari kimemzidi. Anachopewa kwa kawaida ni foliki asidi.

Kadi yangu ya kuchangia damu imeandikwa "A+". Basi mimi ni AA, niko salama kuoa yeyote? (Dodoma)

Hapana, ndugu yangu. Hili nalijibu dirishani karibu kila wiki. A ya kwenye kadi ni kundi la damu, linahusu nani anaweza kukuchangia. AA, AS na SS ni aina ya himoglobini, herufi zimegongana tu. Mtu wa kundi A anaweza kuwa SS, na wa kundi O akawa AA. Nenda maabara uwaambie wazi: "Nataka kipimo cha himoglobini, cha selimundu." Ukisema tu "nipimeni damu" watakupa hiyohiyo A+.