Mwalimu Nijibu: Nabii alisema mwaka hautaisha, na mwaka umeisha

Bwana asifiwe Mwalimu. Mi ni mama wa miaka 34, naishi hapa Malindi upande wa Muyeye, niko kwa ndoa mwaka wa 7 sasa na hatujajaliwa mtoto. Mwaka juzi kwa mkesha nabii mgeni aliniita mbele akasema ananiona na mtoto wa kiume mkononi na mwaka hautaisha kabla sijabeba mimba, watu wakapiga vigelegele, nikaambiwa nipande mbegu nikapanda, na pesa yenyewe ilikuwa ya chama. Nikanunua hadi nguo za mtoto Mwalimu. Mwaka ukaisha. Kwenda kuuliza naambiwa imani yangu ndo haikutosha, ati nilitia shaka. Sasa mamamkwe anataka twende kwa mganga, na nasikia kuna maneno ya bwanangu kuongezwa mke, yeye hajasema kitu lakini pia hajakataa. Kwaya niliacha, maanake naimba Mungu ni mwaminifu na moyoni nasema mbona kwangu si hivyo. Jirani yangu Mwislamu huniambia subira yavuta heri, na saa zingine naona ndo mtu pekee anayenielewa. Je mi bado ni Mkristo? Niendelee kuingojea hio ahadi ama nikate tamaa nijue moja?
Mama wa Muyeye

Amina dada yangu. Wewe ni Mkristo, hilo tulimalize kwanza. Yule baba wa kwenye Marko 9 aliyekuwa na mtoto mgonjwa alimwambia Yesu "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", yote mawili kwa pumzi moja, na Yesu hakumrudisha nyumbani akajaze imani kwanza, mtoto alipona palepale. Na Yohana Mbatizaji, aliyembatiza Yesu kwa mikono yake mwenyewe, akiwa gerezani alituma watu wamuulize "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yohana huyo! Yesu alijibu bila kumkemea, alafu akawageukia watu akamsifu. Kwa hivyo anayekwambia shaka yako ndo ilimfunga Mungu mikono, mpe hizo sehemu mbili akusomee.

Sasa hio ahadi. Nani alikuahidi? Nauliza tu kwa uzuri, maanake nimeisoma barua yako mara kadhaa na ninachoona ni mtu ameshika maikrofoni usiku wa manane. Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema nabii akinena kwa jina la Bwana na neno lisitokee, basi Bwana hakulinena, na inaongeza kwamba usimwogope huyo nabii. Mzigo wa unabii ulioanguka uko kwa aliyetabiri, hakuna mahali Biblia inamtwisha mama aliyetabiriwa, na mimi hio tabia ya kumwambia mtu "ni imani yako" inanikera kuliko hata ule unabii wenyewe.

Sote tuna Yeremia 29:11 kwa kalenda, kwa ukuta wa sebuleni, kwa matatu nyuma, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Mstari mzuri sana. Lakini siku moja keti usome mlango wa 28 na 29 pamoja. Watu wamepelekwa mateka Babeli, anatokea nabii mmoja Hanania, anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote anatangaza ndani ya miaka 2 mateka watarudi na vyombo vya hekalu vitarudi. We fikiria amina alizopigiwa. Hata Yeremia alisema Amina, Bwana na afanye hivyo, maana nani hangependa. Baadaye ndo akatumwa kumwambia Hanania wazi kwamba amewatumainisha watu uongo, na ile barua aliyowaandikia mateka inasema ni miaka 70, huo ni mstari wa 10, uko mlangoni kabisa pa ule wa kalenda na hakuna anayeubandika ukutani. Mistari ya 5 na 6 ndo inasema wafanye nini hio miaka yote: wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha. Aliyeshika miaka 2 ya Hanania hangechimba hata msingi, angekaa tu na mizigo mlangoni.

Na wewe dada naona umekaa na mizigo mlangoni. Barua nzima sijaona neno hospitali. Nendeni, na muende wawili, kwa sababu kwetu mtoto akikosekana lawama anabebeshwa mke hata kabla bwana hajapimwa chochote, na kipimo cha mbegu za mwanamume ni chepesi kuliko vingi vya mwanamke. Shirika la afya duniani WHO lilisema 2023 kwamba mtu 1 hivi kati ya 6 hupitia shida ya kupata mtoto wakati fulani maishani, na madaktari husema mkitafuta miezi 12 bila mafanikio mtafute msaada, nyinyi mko mwaka wa 7. Luka mwandishi wa Injili Paulo anamwita tabibu mpendwa, kwa hivyo asikutishe mtu ati daktari ni kukosa imani.

Ya mamamkwe. Abrahamu aliitwa akiwa na miaka 75, Isaka alizaliwa akiwa na 100. Hapo katikati Sara alichoka akamtoa Hajiri mjakazi wake, Ishmaeli akazaliwa baba ana miaka 86, na kilichoingia nyumba ile ni ugomvi, na aliyeumia zaidi ni Hajiri ambaye hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye anataka nini. Huyo mke wa pili anayezungumziwa pia ni mtoto wa mtu. Mwambie bwanako aseme ndio ama la, tena aseme mbele ya mamake, maanake huko kunyamaza kwake tayari kunakuumiza. Kwa mganga usiende.

Lakini ahadi ya Abrahamu ilikuwa ya Abrahamu. Siwezi kukuandikia hapa kwamba utazaa, nikifanya hivyo nitakuwa Hanania wa gazeti. Ahadi zenye jina lako ndani ni hizi, "mimi nipo pamoja nanyi siku zote", na "sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa". Hizo mdai Mungu hata kwa hasira, hata kwa machozi. Na Waebrania 11:13 inasema wazi wako waliokufa katika imani bila kuzipokea zile ahadi, waliziona kwa mbali tu, na bado wanahesabiwa mashujaa.

Kwaya rudi ukiwa tayari, ukifika mstari ambao mdomo unagoma nyamaza wenzako waimbe. Zaburi ya 13 inaanza "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na juu yake imeandikwa kwa mwimbishaji, yaani hayo malalamiko yalikuwa ya kuimbwa. Pesa ya chama waambie ukweli ulipe polepole. Na huyo jirani mshike, Malindi haya mambo ya imani tumeulizana kitambo, Francis Xavier, padri mmisionari Mkatoliki, alipopita hapa 1542 akielekea Goa kule India aliandika kwamba mzee mmoja Mwislamu alimlalamikia kuwa mji una misikiti 17 na watu wanaenda 3 tu, na akataka kujua kama kwa Wakristo nako ni hivyo.

Mwalimu, mi nimeomba kazi hadi nimechoka, nimeamua kufunga kavu siku 40 bila chakula wala maji mpaka Mungu ajibu. Nina sukari lakini naamini. Unasemaje?
Baba wa Watamu

Nasema usifanye. Mwili bila maji unaisha kwa siku chache. Msitu wa Shakahola uko kaunti hii yetu ya Kilifi, 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, watoto wakiwemo, za watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ndo wakutane na Yesu, kwa hivyo hapa kwetu hatuna udhuru wa kujifanya hatujui. Esta na watu wake walifunga siku 3. Isaya 58 inasema saumu anayoichagua Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, hio unaweza kuianza jioni hii na sukari yako. Dawa zako meza kwa wakati wake, kula, na daktari ndo akwambie kama hata kuruka chai ya asubuhi kunakufaa.