Mkono wa bampa la nyuma ukishuka, anzia kwenye bawaba kabla ya kugusa komeo

Ndugu, umeeleza kwamba mkono unaobeba gurudumu la akiba kwenye Land Cruiser yako umeshuka, sasa unaunyanyua kwa goti ndipo komeo likubali kufunga, na kwamba fundi anataka kulikata komeo alichomelee chini kidogo lifuate mkono. Nakuomba usimruhusu bado. Kazi ya komeo ni kuvuta mkono ubane kwenye bampa. Kubeba uzito si kazi yake. Kuna kitu kimelegea upande wa bawaba, na ukihamisha komeo leo, mkono utaendelea kushuka na utalihamisha tena.

Piga hesabu ya kinachoning'inia hapo. Tairi la 285/75 R16 na rimu yake ya chuma hukaribia kilo 40. Bidoni ya lita 20 ikijaa mazuti (dizeli) ni kilo 20 hivi, nawe umesema unabeba mbili. Hizo ni kama kilo 80, zote kwenye mkono mrefu ulioshikwa upande mmoja tu. Halafu upite Walungu na Mwenga kwenda Kamituga, huku Kivu Kusini, msimu wa mvua, mashimo yamejaa matope, gari linatua kwa kishindo kila baada ya mita chache. Mimi naishi Bukavu na hizo ndizo njia zangu, kwa hiyo nakuambia ninachokiona kwenye gari langu na ya wenzangu.

Pima hivi. Toa bidoni, gurudumu liache. Fungua mkono nusu, mtu mmoja ashike ncha yake aunyanyue na kuushusha, wewe uweke kidole pale habu (kile kikombe cha chuma kwenye mzizi wa mkono, chenye beringi ndani) inapokutana na mhimili wake. Habu ikicheza juu ya mhimili, tatizo ni beringi au bushi. Mhimili wenyewe ukiinama pamoja na habu, tazama mahali ulipochomelewa kwenye bampa: ufa mara nyingi hujitaja kwa mstari mwembamba wa kutu unaotokea chini ya rangi. Na ikiwa bampa lote linatikisika, ni boliti za chasisi. Hizo zikaze kwanza, kisha chora alama ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili siku nyingine ujue kwa jicho tu kama imezunguka.

Mara nyingi ni beringi, na hapa nataka tukae kidogo. Bampa nyingi za aina hii hutumia habu kama ya trela: beringi mbili za rola zenye umbo la koni, sili (mpira wa kuzuia maji na matope) chini, nati yenye meno na pini ya kuifunga. Beringi ya gurudumu huzunguka muda wote na grisi husambaa. Hii ya bampa hukaa mahali pamoja safari nzima, rola zilezile zikigonga sehemu ileile ya pete ya nje, mpaka grisi inasukumwa pembeni na chuma kinachimbika vishimo. Ukiuzungusha mkono polepole kwa kidole utavihisi, unakwama kidogo kila unapofika mahali pa kufunga. Vishimo vikishakuwepo, kukaza nati hakusaidii. Badilisha beringi pamoja na pete yake. Namba imepigwa ubavuni. Kwenye habu za trela L44649 na L68149 ni za kawaida sana, lakini nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

Kama chuma bado hakina vishimo, osha kila kitu, jaza grisi mpya isiyotoka kwa maji, weka sili mpya. Kaza nati huku ukizungusha mkono ili rola zikae vizuri, ilegeze, kisha kaza tena mpaka mchezo uishe. Kwenye gurudumu ungeacha nafasi kidogo, lakini huu mkono hauzunguki kwa kasi, kwa hiyo kubana kidogo hakuuumizi, na hata kunauzuia usijirushe wenyewe. Ukienda kuosha gari, mwambie kijana asielekeze maji ya presha kwenye sili. Ndiyo njia ya haraka kuliko mto wowote ya kuingiza maji ndani.

Bawaba ikishakuwa sawa, tazama kipande cha mpira au plastiki ngumu ambacho mkono hupanda juu yake unapofungwa. Hicho ndicho kinachobeba upande wa komeo wakati gari linatembea. Kikilika, uzito wote unarudi kwenye bawaba na komeo. Weka kipande cha katoni juu yake, funga, kisha vuta katoni. Ikitoka kirahisi, inua kipande kwa wosha. Makelele unayoyasikia nyuma nadhani yanatoka hapo.

Komeo sasa. Legeza nati ya kufungia, zungusha ndoano mpaka ufungaji udai kusukuma kwa kiganja, si kwa uzito wa mwili. Basi.

Ukikuta ufa na lazima uchomelewe, toa beringi na sili kwanza, kwa sababu joto huunguza grisi. Tenganisha betri, na kibano cha ardhi cha mashine ya kuchomelea kiwekwe karibu kabisa na ufa. Hakikisha pia pini inayozuia mkono ukiwa wazi bado inaingia vizuri. Huku kwetu ni mlima kila upande, na mkono wenye kilo 80 ukijifunga wenyewe kwenye mteremko unaweza kumvunja mtoto mkono.

Waya wa taa ya namba uuachie nafasi kwenye bawaba, hukatikia hapo.

Ukimaliza kupima, andika ni sehemu gani iliyocheza, na kama ni beringi, weka namba zake na picha ya pete ya nje. Vishimo vikiwa bado vidogo, nitakuonyesha namna ya kuizungusha pete robo mzunguko ili usubiri beringi mpya.