Kabla Hujalipia Hoteli Unguja, Utazame Mwezi

Mara ya kwanza kuwapeleka watoto Unguja nilijipanga hasa. Nilikata tiketi za boti mapema, nikapata nyumba ya wageni Jambiani, mlango unaangalia bahari, nikapita Kariakoo kununua maboya ya kuogelea. Asubuhi ya kwanza, saa tatu, chai imeshanyweka, watoto wamevaa maboya tangu kitandani, tukatoka mbio kwenda kuoga. Bahari haikuwepo.

Sitanii. Kulikuwa na mchanga, madimbwi, majani ya baharini, ngalawa zimelala ubavu, na kule mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanayopasukia mwambani. Mwanangu mdogo akauliza, "Mama, nani kayamwaga maji?"

Akapita mama mmoja wa makamo, kanga kaipandisha magotini, gunia la mwani kichwani. Nikamwamkia, nikamuuliza maji yanarudi saa ngapi.

"Leo mwezi ngapi?" akaniuliza na yeye.

Nikamtajia tarehe ya Julai. Akacheka mpaka akalitua gunia. "Mwezi wa mbinguni nakuuliza, mwanangu. Leo kumi na sita. Bamvua hilo. Maji utayaona alasiri."

Tangu siku hiyo nimeshakwenda Unguja mara tano, na kila ndugu au rafiki wa bara anayeniomba ushauri namwanzia hapo. Watu wanauliza hoteli gani, feri gani, tuvae nini. Yote hayo yanarekebishika ukiwa umeshafika. Maji hayarekebishiki.

Kwa kifupi mambo yako hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, ni bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti yake inafika kama mita nne. Mwezi ukiwa nusu, karibu na tarehe 8 na 22, ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, tofauti ni kama mita moja tu. Kila siku muda unasogea mbele kwa dakika kama 50. Na hapa Unguja kuna jambo ambalo ukilishika hutahitaji programu yoyote ya simu: siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku, na huwa yamejaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume chake, yanajaa kwenye saa nne na kukupwa kwenye saa kumi.

Ufukwe wa mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu na Michamvi, una maji mafupi yaliyozuiliwa na mwamba, kwa hiyo bamvua likikupwa unaweza kutembea nusu saa hujalowa magoti. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, ufukwe unashuka haraka, maji yanakuwepo kutwa. Ndiyo maana Nungwi kuna watu wengi na bei kali. Mwenye watoto wadogo na siku mbili tu, tena zimeangukia bamvua, aende Nungwi avumilie kelele. Zikiangukia maji mafu, mashariki ni bora mara kumi.

Waislamu wenzangu, hili tunalijua lakini hatulitumii. Idd el-Fitr ni mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, inaangukia bamvua. Wale wote wanaovuka sikukuu ya Idd ndogo na kwenda mashariki "kuoga asubuhi" wanakuta mchanga. Idd kubwa ni tarehe 10 ya mwezi wa Kiislamu, maji mafu bado hayajaondoka vizuri. Fanya hesabu zako.

Hata hivyo sikushauri uyakimbie maji yakikupwa. Siku ile ya Jambiani, baada ya kununa kidogo, tulimfuata yule mama hadi kwenye mashamba yao. Kina mama wa mashariki wanalima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanafunga vipande kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti, na kwao bamvua ndiyo kazi, maana ndipo kamba zinapofikika. Watoto waliona viti vya pweza vyekundu, yaani samaki nyota, majongoo ya bahari na pweza mwenyewe akitolewa pangoni. Vaa yeboyebo au kiatu chochote cha plastiki, usiende peku. Kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Usizikanyage kamba za mwani, na usiwapige picha kina mama waliokunja kanga hadi mapajani wakiwa kazini bila kuwaomba. Maji yakianza kugeuka, geuka nayo: yanapitia kwanza kwenye mikondo, unaweza kujikuta mbele yako pakavu na nyuma yako kuna mto.

Kule Pingwe, Michamvi, upo mgahawa maarufu juu ya jiwe baharini. Ukifika maji yametoka unaingia kwa miguu, yakijaa unarudishwa kwa mashua. Bei si ya kila siku. Nilikunywa soda moja, nikapiga picha kumi, nikaridhika.

Nirudi nyuma kwenye safari yenyewe. Boti ziendazo kasi kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Tiketi nunua dirishani au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe, si kwa kijana anayekukimbilia barabarani kabla hujashuka kwenye bajaji. Mtanzania beba kitambulisho, kitaulizwa. Ndugu wa diaspora wanaokuja na wenzi wa kigeni wajue kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawadai wageni bima ya safari ya lazima, na bima waliyokata kwao haiondoi hiyo.

Kuanzia Juni hadi Septemba ni upepo wa kusi, bahari inachafuka. Utawaona wahudumu wa boti wakigawa mifuko, na wewe usijifanye shujaa, pokea. Kaa sitaha ya chini, katikati au nyuma, panda boti ya asubuhi, kula kidogo. Mume wangu, mtu wa Singida, alikula chapati tatu na supu pale bandarini kabla ya kupanda. Sitaeleza zaidi.

Ukishuka Malindi, bandari ya Unguja mjini, utakutana na papasi. Jina hilo ni la mdudu anayenyonya damu, na Wazanzibari wenyewe ndio wanaowaita hivyo vijana wanaoganda kwa wageni bandarini na ufukweni. Safari ya kwanza mmoja alininyang'anya begi kwa heshima zote, akalibeba hatua kama mia moja, akataka shilingi elfu ishirini. Nilimpa tano, na maneno. Sasa hivi begi langu nalishika mwenyewe na nasema mapema, "Ahsante kaka, napokelewa." Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati ambayo Mzungu hana, lakini wengi tunaipoteza kwa kuja na "oya" na "niaje". Salamu kule ina uzito. Anza na assalam aleikum au shikamoo, muulize mtu kaamkaje, ndipo useme shida yako. Bei huwa inashuka yenyewe kabla hujaanza kubishana.

Na uulize bei ya wakaazi. Hoteli nyingi zina bei mbili, ya dola kwa wageni na nyingine kwa wakaazi, lakini ile ya pili hawaitaji mpaka uulize. Piga simu ukiwa bado nyumbani, zungumza Kiswahili, taja kuwa una kitambulisho cha taifa. Nimewahi kuona chumba kwenye mtandao, nikapiga simu moja, bei ikashuka karibu nusu. Hata msitu wa Jozani na kwingineko kwenye viingilio, Mtanzania halipi sawa na mgeni. Fedha taslimu toa ukiwa mjini, kwa sababu vijiji vya pwani si vyote vina ATM, na ile moja iliyopo siku ya sikukuu huwa imeishiwa.

Mji Mkongwe upe siku nzima, ukiweza mbili. Usichukue ramani, potea tu, vichochoro vyote mwishowe vinakutapika baharini au Darajani. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani, usiwaahidi watoto kwamba mtaingia: sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, nilikwenda kuitazama kwa nje tu na roho iliniuma. Kaa kwenye baraza pale Jaws Corner, agiza kahawa chungu na kashata, sikiliza wazee wakibishana siasa na mpira. Hakuna tiketi.

Bustani ya Forodhani usiku ni lazima uende, lakini nitasema ukweli wangu: si pale utakapokula chakula kizuri kuliko vyote Unguja. Ile mishikaki ya samaki iliyopangwa kwa madaha inapendeza kwenye taa, ila uliza imekaa tangu lini, na uulize bei ya kila kijiti kabla hakijawekwa motoni. Sisi hatukuuliza. Hesabu ilipokuja, mwanangu mkubwa, wa darasa la tano, ndiye aliyegundua kwamba tumehesabiwa kamba ambao hawakuwepo. Pale kunywa juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, watoto wale ile pizza ya Kizanzibari inayokunjwa kama chapati ya mayai, halafu urojo katafute mitaani, Ng'ambo au Mkunazini, kwa bi mwenye sufuria moja na foleni ya watoto wa madrasa. Bajia, kachori, katlesi, chipsi za muhogo, embe bichi, pilipili juu. Viungo nunua sokoni Darajani kwa kupimiwa. Vile vipakiti vilivyofungwa kwa ukili karibu na hoteli vina bei ya ukili.

Changuu, kisiwa cha kobe, nenda. Gereza lilijengwa 1893 lakini likaishia kuwa karantini, na kobe wale wakubwa asili yao ni Aldabra kule Shelisheli. Mashua zinaondokea ufukweni karibu na Forodhani. Patana bei ya chombo kizima, kwenda na kurudi, ulipe mkirudi, na uzione jaketi okozi kwa macho kabla ya kupanda. Akikwambia "zipo ndani", aingie azitoe.

Pomboo wa Kizimkazi, hapana. Nilikwenda mara moja. Mashua kama kumi zilikuwa zikiwafukuza pomboo watatu, kila nahodha anapiga kelele "ruka, ruka", na wale wanyama wanazama kila tukikaribia. Ukifika Kizimkazi nenda Dimbani kwenye msikiti wa kale wenye maandishi ya mwaka 1107, kisha uwape siku iliyobaki kima punju wa Jozani, wanaokaa kwenye miti bila kufukuzwa na mtu.

Mavazi: ufukweni vaa unavyotaka, mjini na vijijini funika mabega na magoti, wanaume pia. Ramadhani migahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na kula barabarani ni kukosa adabu. Beba chakula chako mkalie chumbani. Mwisho wa mwaka na sherehe za Mapinduzi tarehe 12 Januari kisiwa kinajaa, tiketi zinakwisha. Masika, Machi hadi Mei, bei ziko chini kabisa na mvua iko juu kabisa. Mimi niliwahi kwenda mwezi wa nne, tukapata siku mbili za jua kati ya nne, na ufukwe mzima ulikuwa wetu na ng'ombe.

Safari hii tunakwenda Idd kubwa, Jambiani palepale. Mdogo, ambaye sasa yuko darasa la tatu, ameichora kalenda ya mwezi akaibandika mlangoni mwa friji, na ameniandikia pembeni: kuoga saa nne, si saa tisa. Baba yake ameongeza kwa kalamu nyekundu: chapati moja tu.