Nikaha inaonekana, kadhi hasikiki

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Napiga video za harusi hapa Lamu. Wiki jana nilirekodi nikaha Shela kwa kamkoda ya Sony inayorekodi video kwa mfumo wa AVCHD, na goma la nje nikalipiga kwa kamera nyingine ya Sony, kwa mwendo wa polepole. Nimeziingiza faili kwenye programu ya kuhariri video, Premiere Pro, kwa laptopu mpya ya Windows 11. Picha safi, sauti hakuna, kote kuwili. Laptopu yangu ya zamani haikuwahi kunisumbua hivi. Babake bi harusi ananiulizia kazi yake kila tukitoka msikitini. Nifanyeje?

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kabla ya lolote, kadi zile usizifute, hata kama kesho una harusi nyingine. Azima kadi.

Sasa chukua faili moja ya nikaha uifungue kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video. VLC hubeba kodeki zake yenyewe, yaani vifungua sauti na picha, haiombi kitu kwa Windows. Ukifika pale kadhi ameushika mkono wa bwana harusi na ukasikia "nimekubali", basi sauti ipo nzima ndani ya faili, ila Premiere haiwezi kuisoma. Naamini utaisikia, na sababu ni hiyo laptopu mpya.

Mfumo wa AVCHD ulitolewa na Sony na Panasonic mwaka 2006, na kwa kawaida sauti yake huhifadhiwa kwa AC-3, ile Dolby Digital tuliyoizoea kwenye DVD. Premiere haina ufunguo wake wa kuifungua sauti hiyo. Huutegemea ule wa Windows. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, Microsoft imeacha kuiweka AC-3 ndani ya mfumo. Kwa hiyo mashine iliyowekewa toleo hilo upya inaweza kuikosa kabisa, na ile kuukuu ikaendelea kuimba. Kujua toleo lako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver.

Watu watakwambia ukatafute furushi la kodeki mtandaoni. Mimi sikushauri, nimesafisha virusi vya kutosha kwenye kompyuta za vijana waliofuata njia hiyo. Igeuze sauti tu iwe PCM, yaani sauti isiyobanwa, picha usiiguse. Programu ya FFmpeg ni ya bure na hufanya kazi hii kwa mstari mmoja, unaouandika kwenye dirisha la Command Prompt:

ffmpeg -i 00001.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le nikaha.mov

Hilo neno copy ndilo la kuchunga. Linaiambia programu ihamishe picha kama ilivyo, bila kuibana upya, kwa hiyo ubora haupungui hata chembe na kazi huisha upesi. Ukilisahau, picha itasagwa upya na utangoja mpaka chai ipoe. PCM nayo ni nzito kidogo: stereo ya 48 kHz, biti 16, hula takriban MB 690 kwa saa. Kwa diski za siku hizi si kitu. Usiyependa kuandika amri, iko Shutter Encoder, ya bure pia, ambayo ndani yake ni FFmpeg hiyo hiyo iliyovishwa vitufe.

Angalizo moja. Kamkoda za AVCHD huikata rekodi ndefu vipande vipande, mara nyingi kila inapofika GB 2 hivi. Ukivigeuza kimoja kimoja, pale vinapoungana unaweza kusikia sauti ikikatika kidogo, na kwenye khutba mtu ataisikia tu. Viunganishe kwanza, kwa mpangilio wa namba zake:

copy /b 00001.MTS+00002.MTS yote.MTS

kisha hiyo yote.MTS ndiyo uipitishe kwa FFmpeg. Ukishapata faili ya .mov, iingize upya kwenye Premiere. Klipu za zamani ulizokwisha kuzipanga kwenye taimlaini ziliingia bila sauti, usitegemee zitajipatia.

Na kama VLC nayo ingekuwa kimya? Hapo ningeuliza umenakili vipi. Hapa Malindi niliwahi kuazima kamera ya Panasonic ya P2, na msaidizi wangu, kwa nia njema, akanakili folda ya VIDEO peke yake kisha akaifuta kadi. P2 huweka picha kwenye VIDEO na sauti kwenye AUDIO, faili mbalimbali. Tukabaki na harusi ya mabubu. Tangu siku hiyo kadi nainakili nzima, na folda zake zote, hata zile nisizojua kazi yake.

Sasa goma. Huko sina dawa. Ukiziweka kamera za Sony kwenye S&Q (Slow and Quick) ili upate mwendo wa polepole, hazirekodi sauti; si kosa la laptopu wala la kunakili. Na lau zingerekodi, fremu 100 kwa sekunde zikichezwa kwa 25, zumari lingevutika mara nne na kulia kama honi ya jahazi lililopotea. Waulize waliokuwepo uwanjani, hakosi mmoja aliyerekodi kwa simu. Chukua sauti yake uilaze chini ya picha zako. Watu wakiyumba polepole na bakora zao, hakuna atakayekagua kama ngoma inaangukia mguu. Mara nyingine, piga kwanza dakika mbili za mwendo wa kawaida, ndipo uingie S&Q.