Maswali ya wasomaji: Prodyuza kafuta gitaa langu, nifanyeje?

Swali: Shikamoo anko. Mi ni binti wa miaka 23, nakaa Tabata Segerea, napiga gitaa kavu na naimba nyimbo zangu mwenyewe tangu niko sekondari. Mwaka huu nimechanga hela kidogo kidogo nikaenda studio kurekodi wimbo wa kwanza, prodyuza akaniambia piga gitaa, nikapiga, baada ya wiki ananitumia wimbo kwenye simu nasikiliza gitaa langu halipo kabisa, kalitoa kaweka kinanda na bitii ya kuchezeka, sauti kaipitisha kwenye autotuni mpaka mama kaniuliza huyo anayeimba nani. Nilivyomuuliza akasema gitaa tupu Bongo haliuzi, na kama nataka albamu atanifanyia nyimbo kumi kwa staili hiyo hiyo nilipe zote mara moja. Baba yangu mdogo kaniambia kabla sijalipa nisikilize albamu ya kwanza ya Tracy Chapman. Nimesikiliza, nimelia, ila bado sijui prodyuza nimwambie nini.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Baba yako mdogo mnunulie soda, mana kakupa dawa ile ile ambayo na mi ningekupa.

Ile albamu mi naijua kwa kanda. Nyumbani kwetu Magomeni kaka yangu alirekodishiwa Kariakoo, enzi hizo unapeleka kanda tupu dukani wanakurekodia unachotaka, kanda ya dakika 60, kila upande 30, sasa albamu yenyewe ina nyimbo 11 na zote pamoja ni dakika kama 36 tu, kwaiyo wimbo wa tisa ulikuwa unakatika mwishoni kabisa, redio inajizima tak, unageuza upande wa pili unakuta nyimbo mbili zilizobaki, alafu yule jamaa wa dukani kwa kuwa nafasi ipo akajazia muziki wa dansi. Mpaka leo wimbo wa mwisho ukiisha masikio yangu yanasubiri magitaa ya dansi yaingie.

Sasa hiyo hoja ya gitaa tupu haliuzi sio ya leo wala sio ya Bongo peke yake. Mwaka 1988 redio za Marekani zilikuwa zimejaa vinanda vya umeme na ngoma za mashine, na hapo katikati akatokea Tracy, binti wa Cleveland, Ohio, na gitaa lake. Alikuwa anasoma chuo kikuu cha Tufts, akawa anapiga barabarani pale Harvard Square wapita njia wanamwekea hela, mwanafunzi mwenzake Brian Koppelman akamuunganisha na baba yake aliyekuwa kwenye biashara ya muziki, mwisho akafika kampuni ya Elektra. Prodyuza aliyepewa kazi anaitwa David Kershenbaum, na alichofanya huyu mzee ndo kitu nataka ukamwambie huyo wako: alimweka binti mbele, sauti yake na maneno yake, vingine vyote vikajengwa kumzunguka yeye. Besi kapiga Larry Klein, dramu Denny Fongheiser, watu wenye mikono yao hao, lakini wasikilize walivyojishusha.

Vaa hedifoni usiku kumetulia uweke wimbo wake wa Fast Car. Gitaa linaanza peke yake, kale kapande kafupi kanajirudia kanajirudia, na yeye anaimba juu yake kama anaongea na mtu aliyekaa pembeni yake. Dramu zinakuja kufunguka kwenye kiitikio, pale anapokumbuka ile safari ya usiku kwenye gari, beti ikirudi zinashuka tena. Wimbo unakaribia dakika tano na gitaa linazunguka pale pale, kinachosogea ni maisha ya yule dada wa kwenye wimbo, kaacha shule amtunze baba yake mlevi, kapata kazi dukani, anahesabu vihela vyake aondoke. Ukilitoa lile gitaa wimbo unabaki hauna pa kukanyaga. Alafu nenda wimbo wa nne, Behind the Wall, hakuna chombo hata kimoja, ni sauti tupu, anasimulia mwanamke anapigwa na mumewe ng'ambo ya ukuta na polisi wanachelewa kuja. Nlikuwa na miaka kumi na mbili, Kiingereza changu cha kuokoteza, lakini nlijua kabisa anaimba nini, mana sisi tulikuwa tunakaa nyumba ya kupanga na chumba cha tatu tulikuwa nao watu wa hivo, na mama alikuwa akisikia wameanza anatuambia tupunguze redio ili asikie kama yule dada anaomba msaada. Hebu fikiria mtu angeuwekea wimbo ule bitii.

Na kuuza iliuza. Tarehe 11 Juni 1988, pale Wembley, London, kulikuwa na tamasha la kumpongeza Mandela kutimiza miaka 70, mwenyewe bado yuko jela, linarushwa kwenye tivii nchi zaidi ya 60. Tracy alishaimba mapema akamaliza zamu yake. Baadae ikafika zamu ya Stevie Wonder, kumbe diski ya kinanda chake, ile yenye sauti zote alizopanga, imepotea, akagoma kupanda, akaondoka, waandaaji wamekwama na dunia nzima inaangalia, wakamrudisha Tracy. Hakuhitaji kufungiwa mitambo wala kusubiri bendi, akasimama peke yake na gitaa akaimba Fast Car. Baada ya pale albamu ikapanda mpaka namba moja Marekani na Uingereza, wimbo wenyewe ukafika namba 6 Marekani, na mwaka 1989 akachukua Grammy tatu ikiwemo ya msanii mpya bora.

Kwaiyo mwanangu hela ya nyimbo kumi usitoe. Lipia mmoja kwanza. Mwambie kwa heshima, kaka naomba turekodi gitaa na sauti, vikisimama vyenyewe ndo tuongeze kitu, na nikisema hapana iwe hapana. Muulize na lile gitaa lako la mwanzo kama bado lipo kwenye kompyuta, mara nyingi wanalizima tu hawalifuti, unaweza kukuta limekaa pale pale linakusubiri. Maiki ya gitaa iwe karibu na shingo inapoungana na mwili, isilitazame tundu moja kwa moja mana itavuma tu. Feni na AC zizimwe wakati mnarekodi, utatoka jasho lakini utasikia tofauti. Omba zamu ya usiku bodaboda zimepungua, na kama paa la studio ni bati kipindi cha masika usiende kabisa. Tuni nyuzi kila kabla ya kuanza mana joto letu hili na unyevu wa bahari nyuzi hazitulii. Na ukimaliza malipo ondoka na faili la kila chombo kwenye flashi yako, sio wimbo uliomalizika tu.

Bitii sina ugomvi nayo, singeli ikipigwa mtaani kwetu mi natoka nje. Lakini wewe umeandika nyimbo za gitaa na dada Carola Kinasha kaimba Kiswahili na gitaa lake miaka na miaka na watu tunamsikiliza. Akikataa tafuta mwingine. Ukimaliza huo mmoja nitumie nausubiri kweli.

Swali: Anko tumebishana kijiweni huku Mbezi, wenzangu wanasema Fast Car ni ya yule mzungu wa kantri, Luke Combs, mi nasema ni ya Tracy Chapman. Nani kashinda?

Jibu: Umeshinda wewe. Combs aliuimba upya mwaka 2023, akaufikisha namba 2 Marekani, juu kuliko ulivyofika mwanzo, na hakubadilisha hadithi hata kidogo, namheshimu kwa hilo. Ila aliyeutunga ni Tracy peke yake, kwaiyo tuzo ya wimbo bora wa mwaka ya CMA, chama cha muziki wa kantri Marekani, mwaka huo huo ilienda kwake, mtunzi wa kwanza mweusi kuipata, miaka 35 baada ya kuutoa. Februari 2024 wakauimba pamoja kwenye jukwaa la Grammy, na wa kwanza kusikika ni yeye na lile gitaa. Na wewe binti wa Tabata hapo usome mara mbili, wimbo ukiutunga kausajili COSOTA, wale wa hakimiliki, kwa jina lako kabla haujaanza kutembea kwenye simu za watu.

Swali: Naomba kodi (chords) za Fast Car, najifunza gitaa niko Mbagala.

Jibu: Weka kapo, kile kibanio cha nyuzi, freti ya pili, alafu beti inazunguka kwenye C meja seveni, G, E maina na D, basi. Kazi iko kwenye mkono wa kulia. Usichape nyuzi zote kwa pamoja, zidonoe kwa vidole, kidole gumba kishike zile nene, na anza taratibu sana hata kama ni nusu ya spidi yake. Mi ilinichukua mwezi mzima.