Tovuti iko poa kwenye laptopu, kwenye simu inakataa

SWALI: Kaka shikamoo. Mimi niko mwaka wa 3 hapa Dodoma, geto langu liko Ng'ong'ona. Projekti yangu ya mwisho ni tovuti ya wakulima wa zabibu wa Mpunguzi, mnunuzi aone mzigo uko kwa nani na bei gani. Kwenye laptopu iko poa kabisa ila nikifungua na simu maandishi yanakuwa kama sisimizi mpaka nivute na vidole viwili, na jedwali la bei linakatika upande. Washkaji wananiambia chukua tempuleti badilisha rangi umalize, ila supavaiza anataka kitu nilichoandika mwenyewe. Zimebaki wiki 5, nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tempuleti achana nayo, na sio kwa sababu ya supavaiza tu. Siku ya kutetea projekti mtu wa paneli atakuuliza hii menyu inajificha vipi kwenye simu, na kama hujaiandika wewe utabaki unaangalia ukuta. Wiki 5 zinakutosha.

Tuanze na sisimizi. Fungua faili lako la HTML uangalie ndani ya head kama kuna mstari huu: <meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">. Nahisi haupo. Usipokuwepo, brauza ya simu inajifanya ina upana kama wa piksi 980, inachora ukurasa wote kama uko kwenye kompyuta halafu inaubana uingie kwenye kioo ambacho kwa simu nyingi ni kama piksi 360 tu, ndo maana unaona sisimizi. Uweke kwenye kila ukurasa, sio wa mwanzo peke yake.

Ukishauweka usishangae vitu vikianza kutoka nje ya kioo, hapo ndo utaona kosa la pili: mahali fulani kwenye CSS (faili linalopanga mwonekano wa tovuti) umeandika width: 1200px. Badilisha iwe max-width: 1200px, na picha zote zipe max-width: 100% na height: auto.

Sasa hili naomba ulishike kuliko yote. Usitengeneze ya laptopu kwanza halafu uje kuibana, anza na simu. Ethan Marcotte, yule aliyeipa jina la responsive web design hii staili ya kudizaini tovuti inayojipanga kulingana na kioo, mwaka 2010, alitaja vitu vitatu: mpangilio unaonyumbulika, picha zinazonyumbulika na media query, yaani sharti la CSS linalofanya kazi kioo kikifika upana fulani. Wanafunzi wengi wanakimbilia hiyo ya tatu, wanaandika kila saizi ya simu wanayoijua mpaka CSS inakuwa msitu. Wewe andika CSS ya kawaida kwa ajili ya simu, kila kitu kishuke safu moja, halafu chini kabisa weka @media (min-width: 768px) uruhusu safu 2 au 3. Mara nyingi hiyo moja inatosha.

Na mfikirie mtu wako. Mkulima wa Mpunguzi yuko shambani, jua la Dodoma linampiga, kioo kina ufa na bando lake ni la kuhesabu. Zabibu huku zinavunwa mara 2 kwa mwaka na zikishaiva hazisubiri mtu, kwa hiyo anataka kuona bei na namba ya kupiga, basi. Lile jedwali livunje, kila mstari uwe kadi: aina ya zabibu juu, bei ya kilo kwa maandishi makubwa, chini yake kitufe chenye href="tel:" na namba, akigusa tu simu inapiga. Mimi hicho kitufe nakipa maksi nyingi kuliko slaida 10 zinazozunguka pale juu. Picha nazo punguza, uliyopiga na simu inaweza kuwa na MB 4, ishushe iwe chini ya KB 200 na zabibu bado zitaonekana vizuri.

Kingine kiliwahi kuniliza. Picha inaitwa Zabibu.JPG, kwenye HTML nimeandika zabibu.jpg, Windows haikujali ila nilipopandisha kwenye seva ya Linux picha zote zikapotea, nikahangaika usiku kucha. Majina yote ya mafaili yawe herufi ndogo, bila nafasi. Na kama bei zinatoka kwenye databesi kwa PHP (lugha inayoendeshwa kwenye seva) usitegemee GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti hewani, ni bure lakini PHP haiendeshi.

Kujaribu, F12 halafu Ctrl+Shift+M kwenye Chrome inasaidia ila haitoshi, shika simu kabisa. Wala huhitaji bando: zima data, washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu, washa XAMPP (programu inayogeuza laptopu yako kuwa seva, ndani yake kuna Apache), fungua Command Prompt uandike ipconfig uone namba ya IP ya laptopu, halafu iandike kwenye brauza ya simu pamoja na jina la folda yako. Ikigoma mara nyingi ni fayawoli ya Windows, iruhusu Apache. Fanya hivyo kila siku jioni, na wikiendi hii panda gari uende Mpunguzi umpe mkulima mmoja simu mkononi, usimwelekeze kitu, angalia tu kidole chake kinakwama wapi.